Kipindi cha Kuazima

Binti yangu yuko darasa la tano, na ripoti yake ya muhula inasema ana alama 17 kwa 20 za sanaa na muziki. Nilifurahi. Katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kuimba bila majirani kufunga madirisha, kwa hiyo nilimwambia aniimbie kidogo, nami nizisikie hizo alama.

"Niimbe nini, papa?"

"Wimbo mliofundishwa."

"Hatujafundishwa wimbo."

"Basi hizi 17 ni za nini?"

Akafikiri. "Za kukaa kimya," akasema.

Nikashuka mstari wa chini: elimu ya viungo na michezo, 18. Nikauliza wamecheza mchezo gani. Akajibu kwamba uwanjani walitoka, ndiyo, siku ile ya kung'oa magugu. Nikapanda mstari wa juu kabisa, kwenye Hisabati. Hisabati ana 11. Mama yake akaikunja ile ripoti na kuiweka kabatini, maana kwa ripoti ya namna hiyo huwezi kujua uanze kusifu au kuchapa, na kuchapa siku hizi kumekatazwa.

Msinielewe vibaya, mtaala wenyewe sina ugomvi nao. Nimeusikia ukielezwa kwenye kikao cha wazazi, tena na mtu aliyevaa tai, na nikaupenda. Ni ule wa umahiri uliozinduliwa mwaka 2015 na kuanza kufundishwa mwaka 2016, Rwanda nzima, kuanzia Kigali hadi huku kwetu Nyakiriba, wilaya ya Rubavu, kwenye matope na karoti. Mtoto wa shule ya msingi anatakiwa asome Kinyarwanda, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia ya Msingi, Maarifa ya Jamii na Dini, Sanaa, yaani kuchora, kufinyanga, kusuka na kuimba, halafu Elimu ya Viungo. Akipanda madarasa ya juu anaongezewa Kifaransa. Eti hatakariri tena; atafikiri, atabuni, atatafiti na kushirikiana na wenzake. Nilipiga makofi. Kiti changu kilikuwa kimevunjika mguu lakini nilipiga makofi.

Kumbe nilitakiwa kuuliza swali moja: katika hayo yote, yanayotoka kwenye mtihani ni yapi?

Mwisho wa darasa la sita kuna mtihani wa taifa, na mtihani huo una masomo matano: Kinyarwanda, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii. Hayo ndiyo masomo. Mengine ni wageni. Yameandikwa kwenye ratiba, yanapewa alama kwenye ripoti, yanatajwa wakija wakaguzi, lakini darasani hayajulikani.

Niliyashuhudia mwenyewe siku nilipopita shuleni kulipa mchango wa chakula. Mchango huo ni faranga 975 kwa muhula, nyingine inatoa serikali, na kwa bei za sasa sijui kitu kingine chochote chini ya jua kinachouzwa faranga 975 na kikashibisha mtoto muhula mzima. Hapo sina la kunung'unika, nanyi mtanivumilia. Basi nikapita karibu na darasa la binti yangu. Ratiba imebandikwa mlangoni, imepigwa rula vizuri na kupakwa kalamu za rangi tatu, na bila shaka ndiyo kazi pekee ya sanaa iliyofanyika pale mwaka huu. Nikaisoma. Saa ile ilikuwa ya michezo. Nikatazama uwanjani: kondoo wawili. Nikachungulia dirishani: watoto wamebanana wanne wanne kwenye madawati, ubao umejaa tarakimu, na mwalimu wa Hisabati anatoka jasho.

Nikamngoja nje. Ni kijana mzuri, mpole, anasalimia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, pole na kazi. Hiki si kipindi cha michezo?"

"Ni chenyewe, mzee. Nimekiazima tu."

"Utakirudisha lini?"

"Tukimaliza mtihani."

Sasa mimi ni mtu wa vitunguu. Nimewakopesha watu soko la Mahoko tangu nikiwa na nywele, na mdaiwa namfahamu kwa sauti kabla sijamwona sura. Mtu akikuambia atalipa mtihani ukiisha, nawe unajua kwamba mtihani ukiisha watoto wote watakuwa wameondoka na shule imefungwa, huyo hakuazima. Kipindi ni dakika 40. Cha michezo kimeliwa na Hisabati, cha kuchora kimeliwa na Sayansi, cha Kifaransa kimeliwa na Kiingereza, nao muziki unaliwa na yeyote aliyechelewa kumaliza silabasi. Na unajua siku ile, ndani ya kipindi kile cha kuazima, alikuwa anafundisha mada gani? Mikopo na riba.

Nikamwuliza kama riba ya vipindi ameipiga hesabu. Akacheka, akaniambia, "Mzee, wewe wanao wakifeli utamlaumu mwalimu wa muziki?" Nikanyamaza. Hata mimi ningepata 17.

Halafu kuna yale yanayoitwa mambo mtambuka. Kama ulidhani ratiba imejaa, pokea mengine manane: historia ya mauaji ya kimbari, mazingira, jinsia, elimu ya afya ya uzazi, elimu ya fedha, utamaduni wa viwango, elimu jumuishi, amani na maadili. Haya hayana vipindi. Yanapenyezwa ndani ya masomo mengine. Mwalimu anafundisha kugawanya, na katikati ya kugawanya anatia usawa wa jinsia. Nilidhani yatapotea njiani. Lakini hili la viwango limenifuata mpaka nyumbani. Binti alinikuta napima vitunguu vya mteja, akasimama na mikono kiunoni mbele ya mteja huyo huyo, akauliza, "Papa, hii mizani yako imekaguliwa?"

Mteja akageuka kuniangalia. Mizani ile ni ya marehemu baba. Haijawahi kukaguliwa na mtu yeyote isipokuwa kuku, ambao hupenda kulala juu yake. Ilibidi ninunue mpya.

Ndipo nikaiona siri. Somo la viwango halina kipindi wala mwalimu wake, na bado limefundishwa mpaka likanitia hasara, kwa sababu limejificha ndani ya Hisabati, na Hisabati hakuna wa kuigusa. Basi muziki nao ujifiche! Waimbe jedwali la kuzidisha kwa sauti nne. Wachore pembetatu kwa rangi za maji. Somo la mzunguko wa damu lifundishwe wakiwa wanakimbia kuuzunguka uwanja, wapimane mapigo ya moyo, kondoo wapishe. Nilimpelekea mwalimu wazo hilo, akaniahidi kwamba atalifikiria, akalifikiria ndani ya kipindi cha Kifaransa.

Kuna watakaosema ninatetea uvivu, kwamba zamani tulisoma masomo ya maana. Zamani ipi? Mimi ni mtoto wa ile shule ya miaka minane. Vijana hawaijui, acha niwaambie. Mageuzi ya mwaka 1978 na 1979 yaliongeza shule ya msingi kutoka miaka sita hadi minane, masomo yote yakawa kwa Kinyarwanda, na miaka miwili ya mwisho ikajazwa maisha ya kijijini: kilimo, ufugaji, useremala, ushonaji, usafi wa nyumba. Ndugu zetu wa Tanzania walikwisha kuonja jambo la jamii hiyo tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ukikutana na mzee wa kule wa umri wangu, mtaje tu shamba la shule, utaona anavyojishika mgongo.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa mtu wa mjini. Jioni alikuja kwa baba kuuliza viazi hupandwa lini, na asubuhi alitufundisha sisi. Nilitoka nyumbani alfajiri nikiwa nimelima, nikafika shule nikalima, nikaandika kwenye daftari kwamba jembe lina mpini na bamba, nikarudi nyumbani kulima. Mavuno ya bustani ya shule sikuyaona hata mara moja, ingawa mke wa mwalimu alinenepa. Wazazi wetu walikasirika sana. Walisema hivi: mtoto nimempeleka shule ili aliache jembe, nyinyi mnampa jingine? Mwaka 1991 mpango ule ukafutwa, shule ya msingi ikarudi miaka sita. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, jembe mkononi, na cheti kinachothibitisha kwamba najua kulishika.

Kwa hiyo sisemi tuijaze shule mambo ya mikono ili watoto wasahau vitabu. Tumeshapita huko, tukaona.

Tena hapa niweke utani pembeni kidogo. Huu mtihani wa taifa una heshima yake kwetu, na ina sababu. Kabla ya mwaka 1994 nafasi ya sekondari haikwenda kwa aliyejua zaidi. Iligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, na watoto wenye akili zao walirudishwa nyumbani kwa jambo walilozaliwa nalo. Baada ya vita na mauaji yale, mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo likaja baraza la mitihani la taifa, mtahiniwa akawa namba, alama zikasema zenyewe. Mzazi aliyeona hali ile ya kwanza hawezi kuuchezea mtihani. Ukimwambia kwamba mwanawe amekosa kipindi cha kuruka kamba kwa ajili ya mtihani, atakuambia kamba zimejaa nyumbani kwake, za kufungia mbuzi.

Naelewa. Ninachosema ni kwamba mlinzi wa lango ameingia ndani na kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Wala si Rwanda peke yake. Kenya mwaka 1985 walianzisha mfumo wao wa 8-4-4, wakaweka muziki, sanaa na ufundi, kilimo na sayansi kimu, na watoto wakavifanyia mtihani kweli. Wazazi wakalia kwamba mzigo ni mkubwa, vifaa ni ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa darasa la nane ukabaki na karatasi tano. Na muziki ukaenda wapi? Ulikwenda ulikokwenda wa binti yangu. Sasa Kenya nao wana mtaala wa umahiri tangu mwaka 2017, na mtihani ule wa zamani umefanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2021 picha zilizagaa za wazazi wa Kenya wakimsaidia mtoto kazi ya nyumbani: kutengeneza sanamu ya kutisha ndege shambani, imevishwa suti na kofia. Wakenya walilalamika mpaka huku tukasikia. Mimi niliona wivu. Kazi ya nyumbani ambayo inafukuza ndege! Ya binti yangu inanifukuza mimi sebuleni.

Maana kazi zenyewe zinakuja kwa Kiingereza. Tangu uamuzi wa mwisho wa mwaka 2019, Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza; mtaala ulipoanza, madarasa matatu ya chini yalikuwa ya Kinyarwanda. Na kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikuwa tumeachana na Kifaransa. Mzazi wa umri wangu amejifunza Kinyarwanda cha shule, Kifaransa cha shule, halafu akaambiwa kwamba anatakiwa kumsaidia mtoto kwa lugha ya tatu. Sawa, tunajitahidi. Juzi swali lilikuwa la Sayansi: taja aina tatu za udongo. Nikasimama kwa fahari. Udongo! Hapo ndipo penye digrii yangu. Nikamtoa binti nje, nikachota ule mweusi wetu, mwepesi, wenye vijiwe vya volkano, nikamweleza unavyokunywa maji, kwa nini viazi vinaupenda, kwa nini kitunguu chake ni kikali. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akasema, "Papa, jibu ni kichanga, mfinyanzi na tifutifu."

"Na huu wetu?"

"Huu hautoki kwenye mtihani."

Nikaelewa kwa nini unaotesha viazi kwa amani.

Mtoto huyo huyo alitikiswa kitandani Mei mwaka 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22, mbingu ikawa nyekundu upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, na matetemeko yakapasua nyumba na barabara za mji wa Gisenyi. Mei mwaka 2023 ameona mto Sebeya ukifurika usiku na kubomoa nyumba za watu, katika mvua zile zilizoua zaidi ya watu 130 upande wetu wa magharibi na kaskazini. Mtaala wa umahiri unasema mtoto aanze na anachokijua. Watoto wa Rubavu wanajua mlima wa moto na mto wenye hasira kuliko mwandishi yeyote wa kitabu. Anayewauliza ni nani, wakati kuna nafasi zilizoachwa wazi za kujaza?

Na hizo kompyuta. Zimegawiwa mashuleni nchini zaidi ya laki mbili, zile ndogo nyeupe na kijani ambazo mpango wake ulianza mwaka 2008. Za shule nyingine zinafanya kazi vizuri, nimeambiwa na ninaamini. Za shule ninayoijua mimi ziko kabatini, kabati lina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mtu ambaye amehamishwa. Binti anaweza kukuchorea kibodi kwa penseli bila kukosea herufi. Hiyo ndiyo sanaa aliyofundishwa.

Lakini linaloniuma hasa ni muziki, kwa sababu sisi wa Rubavu tumekaa jirani na vitu hivi. Hapo Nyundo tu, mwendo wa kushuka na baiskeli bila kukanyaga pedali, kuna shule ya sanaa iliyopo tangu miaka ya 1950, watu wanachonga na kuchora. Mwaka 2014 hapo hapo Nyundo ikafunguliwa shule ya muziki, ya kwanza ya aina yake nchini, na ukiwasha redio leo waimbaji na wapiga ala waliopitia pale unawasikia. Ikaja kuhamia Muhanga. Kuingia kule ni kwa kusikilizwa: unasimama, unaimba, wanaamua. Wanakuja watoto kutoka kila pembe ya nchi. Sasa mtoto wa Nyakiriba atasimama mbele ya wale mabwana na kufanya nini? Kunyamaza kwa ustadi wa 17 kwa 20?

Michezo hali kadhalika. Wanaume wa wilaya hii wana pumzi za kumshinda mwalimu yeyote wa michezo. Nenda uwanja wa Umuganda, Etincelles wakicheza na Marines, uone watu wazima wanavyolia. Tour du Rwanda ikiwa na hatua ya Rubavu, hakuna anayebaki shambani. Wale wazungu wenye nguo za kubana wanashuka milima yetu, na vijana wetu na baiskeli za kubebea viazi wanajaribu kuwafuata kwa sandali. Septemba mwaka 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza barani Afrika. Nchi nzima ilisema michezo ni fahari, michezo ni utalii, michezo ni ajira. Jumatatu iliyofuata kipindi cha michezo kikafundishwa Hisabati.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana najua mmekisubiri. Mwaka 2017 Bunge lilikifanya lugha rasmi ya nne ya nchi. Sekondari wanakisoma. Shule ya msingi hakimo. Na kila nikikaa na wafanyabiashara wenzangu pale mpakani, Petite Barrière, tunangoja mizigo ivuke kwenda Goma, lazima mmoja aanze: kwa nini watoto wetu hawafundishwi Kiswahili tangu darasa la kwanza, wakati karoti zote, vitunguu vyote na viazi vyote vya Nyakiriba vinavuka kwa Kiswahili? Hoja ni nzito. Wote hutikisa vichwa. Mzee mmoja alitaka tuandike barua.

Mimi nilikataa kusaini, na nitasema sababu hadharani. Binti yangu anazungumza Kiswahili. Hajafundishwa na mtu. Amekiokota sokoni, kwenye redio, kwa akina mama wa mtaa wa Majengo, kwa mabinamu zake wa Goma ambao wanakichanganya na Kifaransa mpaka unahitaji mkalimani. Anaweza kupunguza bei, kutania, kutukana kidogo akidhani sisikii, na kuniambia mteja fulani ni mwongo. Huo ndio umahiri wenyewe. Mkikiingiza kwenye ratiba bila mtihani, kipindi chake kitaazimwa kabla chaki haijakauka. Mkikiingiza pamoja na mtihani, atajua ngeli zote na hataweza tena kuuza kitunguu kimoja. Kiacheni huko sokoni, kimewahi kumkosea nani?

Mwenzangu mmoja akaniambia, basi kwa akili hiyo hata muziki tuutoe shuleni, uende kanisani na kwenye harusi. Nimelifikiria hilo. Sikubali, kwa sababu Kiswahili kina Petite Barrière inayokifundisha kila siku bure, lakini ala za muziki, rangi, mpira wa kweli usio wa magunia na migomba, hivyo mtoto wa mkulima asipovikuta shuleni hatavikuta popote. Mtoto wa tajiri wa Kigali analipiwa piano Jumamosi. Wetu Jumamosi yuko nyuma ya gunia. Kipindi kile cha dakika 40 ndicho piano yake, na ndicho kinacholiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa hao wakubwa wa mitihani. Sitaki karatasi ya sita. Walimu watakufa, nasi tutazika. Nataka swali moja tu. Moja, katikati ya Maarifa ya Jamii, la alama mbili, kuhusu wimbo waliojifunza shuleni: uliimbwaje, ulihusu nini. Na katika Sayansi moja la alama mbili kuhusu mchezo walioucheza. Msiwaambie walimu ni wimbo gani wala mchezo gani. Mtaona wiki ya pili tu shule zote za Rubavu zinaimba, kondoo wamefukuzwa uwanjani, na mwalimu wa Hisabati anamfuata mwenzake wa muziki kumwomba kipindi, anaambiwa hakuna.

Na nyinyi wazazi wenzangu wa Nyakiriba, kikao cha shule kipo mwanzo wa muhula. Ajenda tunazijua: nidhamu, mchango wa chakula, ufaulu, halafu mengineyo. Tukifika kwenye mengineyo msianze kuinuka na kukung'uta nguo. Kaeni. Nitauliza vipindi vya michezo vya mwaka jana vitalipwa lini, na nitahitaji watu wa kuniunga mkono.